Daftari la Makorokoro na Ushahidi wa Vitu Vilivyotupwa

Daftari la sanaa ni kitabu kinachotengenezwa kwa mkono, ambacho mwenyewe hukijaza picha, maandishi, rangi na vipande vya vitu halisi bila kufungwa na mpangilio wa shajara ya kawaida inayoandikwa siku kwa siku. Linapotengenezwa kwa vitu vilivyookotwa, yaani vile ambavyo watu wengine wamemaliza kuvitumia na kuvitupa, daftari hilo huingia katika tawi linaloitwa sanaa ya malighafi mseto, ambamo karatasi, kitambaa, uzi, bati na rangi hukutanishwa katika kazi moja, kila kimoja kikaachwa kionekane kwa umbo lake. Ni sanaa isiyodai mtaji mkubwa, na pengine kwa sababu hiyo imezoeleka kuchukuliwa kuwa mchezo wa watoto wa shule au burudani ya mwisho wa juma. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti, kwamba daftari la namna hii ni hifadhi ya nyaraka na kwamba fundi wake anafanya kazi inayokaribiana sana na ya mtunza kumbukumbu, kwa kuwa vitu vinavyotupwa ndivyo vinavyosema mengi kuhusu namna watu walivyoishi, mradi vihifadhiwe pamoja na habari za vilikotoka.

Historia ya vitabu yenyewe inaliunga mkono dai hilo. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi katika Misri ya Juu, wakulima walifukua mtungi uliokuwa na mkusanyo wa vitabu vya mafunjo vilivyoandikwa kwa Kikopti, ambavyo leo huhesabiwa kuwa 13. Mafundi waliovijalidi walikuwa wameyakaza baadhi ya majalada ya ngozi kwa kugandisha ndani yake mabaki ya mafunjo yaliyokwisha kutumika, zikiwemo risiti na barua, na katika jalada moja mabaki hayo yalikutwa na tarehe za miaka ya 340 baada ya Kristo. Maandiko matukufu yaliyokuwa ndani ya vitabu hayakuwa na tarehe. Ni taka iliyofichwa ndani ya jalada ndiyo iliyowawezesha wataalamu kukadiria kwa uhakika wakati ambapo vitabu hivyo vilitengenezwa.

Mfano mwingine unapatikana katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, sehemu kongwe ya jiji la Kairo, lililokuwa na chumba ambamo karatasi zilizochakaa zilirundikwa kwa karne nyingi kwa sababu desturi ya Kiyahudi ilikataza kuharibu maandishi yenye jina la Mungu. Pamoja na vipande vya maandiko ya dini zilitupwa humo barua za wafanyabiashara, hesabu za maduka, mikataba ya ndoa na hata mazoezi ya watoto waliokuwa wakijifunza herufi. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ilipelekwa Cambridge na msomi Solomon Schechter kati ya mwaka 1896 na 1897, na ni kutokana na makaratasi hayo ambayo hakuna aliyekusudia yasomwe tena ndipo biashara ya Bahari ya Hindi katika karne za 11 na 12 inajulikana leo kwa undani usiopatikana katika vitabu vya wafalme. Kwa hiyo anayekusanya tiketi, lebo na bahasha na kuzitia kitabuni hafanyi jambo la kipuuzi. Anaifanya kwa hiari na kwa ustadi kazi ambayo huko nyuma ilifanywa na bahati.

Katika sanaa ya kisasa, kubandika vitu halisi kwenye picha kulipata heshima mwaka 1912, Pablo Picasso alipobandika kitambaa kilichopakwa mafuta na kuchapwa mfano wa ususi wa kiti na kukizungushia kamba, na Georges Braque, miezi michache baadaye, alipokata karatasi ya ukutani iliyochapwa mfano wa mbao na kuigandisha kwenye mchoro wa mkaa. Mbinu hiyo ya kupanga na kubandika vipande ili vijenge picha moja huitwa kolaji. Karatasi ya Braque, hata hivyo, ilinunuliwa dukani, na aliyeigeukia takataka kwa makusudi na kuifanya kazi ya maisha yake ni Mjerumani Kurt Schwitters, aliyezaliwa Hannover mwaka 1887. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika nchi iliyokuwa imevunjika kiuchumi na kisiasa, Schwitters alianza kuokota tiketi za tramu, stempu, kamba, vipande vya mbao na karatasi za kufungia peremende, akavipanga kwa uangalifu wa mtu anayepanga vito. Kuanzia mwaka 1919 aliziita kazi hizo Merz, kipande cha neno alichokikata kwenye tangazo la benki.

Jambo linalomfanya Schwitters astahili kukumbukwa hapa ni lile lililomfuata baadaye. Mwaka 1937, mwaka uleule ambao utawala wa Wanazi uliziweka baadhi ya kazi zake katika maonyesho ya Munich yaliyokusudiwa kuidhihaki sanaa ya kisasa, yeye alikimbilia Norway, na mwaka 1940 akakimbia tena hadi Uingereza, ambako aliwekwa kizuizini katika kisiwa cha Man kwa sababu alikuwa raia wa nchi ya adui. Humo kizuizini aliendelea kutengeneza sanaa kwa chochote alichokipata, hata kwa uji wa shayiri uliobaki kwenye sahani. Jengo la ajabu alilolijenga kwa makorokoro ndani ya nyumba yake ya Hannover liliteketezwa kwa mabomu mwaka 1943, lakini kolaji zake ndogo zilisalia, na anayezitazama kwa mfuatano wa miaka anaweza kuifuata safari ya mkimbizi huyo kwa karatasi peke yake, kwani lugha ya tiketi na lebo hubadilika kutoka Kijerumani kwenda Kinorwe, kisha Kiingereza. Hakuna aliyeandika habari za uhamisho kwa ufupi na ukweli kuliko karatasi hizo. Mwenzake wa zama hizo, Hannah Höch, aliyefanya kazi kwa miaka 10 katika shirika la uchapishaji la Ullstein mjini Berlin, alikata picha za magazeti na kuzipanga katika albamu kubwa ya miaka ya 1930, ambayo leo huwaonyesha wasomaji kile ambacho Mjerumani wa kawaida alikiona kila juma kabla nchi yake haijafungiwa ukweli.

Afrika ya Mashariki ina nafasi yake katika historia hii, ingawa nafasi hiyo haijaelezwa inavyostahili. Mpigapicha wa Kimarekani Peter Beard, aliyeishi kwa vipindi virefu katika kambi yake ya Hog Ranch nje kidogo ya Nairobi na aliyechapisha mwaka 1965 kitabu kuhusu kutoweka kwa wanyamapori, alijaza shajara zake picha, vipande vya magazeti, majani, wadudu waliokauka na hata damu. Kingo za kazi zake nyingi zilichorwa na wasanii wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi kambini humo, na inasikitisha kwamba majina yao hayafahamiki hata kwa robo ya umaarufu wa jina lake, ilhali macho ya mtazamaji mara nyingi huvutwa kwanza na wanyama na watu waliowachora wao.

Dan Eldon, aliyezaliwa London mwaka 1970 na kuletwa Nairobi akiwa mtoto wa miaka saba, alianza kutengeneza madaftari yake akiwa mwanafunzi na kuacha 17, yaliyonenepa kwa picha zilizokatwa, stempu, tiketi, manyoya, nembo za bidhaa na maandishi yaliyopita juu ya vyote hivyo. Tarehe 12 Julai 1993, akiwa mpigapicha wa shirika la Reuters, aliuawa mjini Mogadishu na umati uliokasirishwa na shambulio la helikopta za Marekani zilizokuwa katika operesheni ya Umoja wa Mataifa. Waliouawa pamoja naye ni Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, na Mjerumani Hansi Krauss. Sehemu ya kurasa zake ilichapishwa mwaka 1997 na kitabu hicho kimewafanya vijana wengi duniani kuanza madaftari yao wenyewe. Hata hivyo ni haki kusema kwamba madaftari mashuhuri zaidi yaliyotokana na mitaa ya Nairobi yalitengenezwa na watu wenye asili ya nje ya Kenya, ambao waliiona thamani ya tiketi ya basi na lebo ya kiberiti kwa sababu kwao vilikuwa vigeni. Mwenyeji hukiona kitu hichohicho kila siku, na kwa hiyo hukitupa. Kumbukumbu ya maisha yake hubaki mikononi mwa mgeni.

Hilo si kusema kwamba wenyeji hawakutumia mabaki. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mbao laini za kujengea dari na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya ujenzi na vya gereji. Katika Lubumbashi, nchini Kongo, Tshibumba Kanda Matulu alichora juu ya mifuko ya unga iliyofumuliwa, na katika miaka ya 1973 na 1974 alitengeneza mfululizo wa michoro takriban 100 unaosimulia historia ya nchi yake, huku akiueleza mchoro mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alichapisha mazungumzo hayo mwaka 1996. Mfululizo huo haukushonwa kuwa kitabu, lakini una sifa zote za daftari, kwa sababu una mpangilio, sauti ya mwenyewe na malighafi inayobeba habari yake: mfuko wa unga ulio chini ya picha ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, unaeleza hali ya uchumi wa mchoraji hata pale ambapo mchoro wenyewe haulizungumzii jambo hilo. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, amebandika sura za wanawake zilizokatwa kwenye majarida juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, na Cyrus Kabiru, naye wa Nairobi, hutengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya, vizibo na vipande vya vifaa vya umeme vilivyokufa.

Anayetaka kutengeneza daftari lake hana budi kuijua malighafi kwa karibu, na pa kuanzia ni mfuko wa saruji. Mfuko huo huundwa kwa matabaka ya karatasi ya kahawia inayotokana na kupika vipande vya mbao, aghalabu misonobari, ndani ya kemikali zinazoondoa sehemu kubwa ya lignini, yaani kiambata cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti. Nyuzi ndefu zinazobaki ndizo zinazouwezesha mfuko kuhimili kilo 50, na karatasi ya aina hiyo hutengenezwa hata Mgololo, wilayani Mufindi, Tanzania. Mfuko hukung'utwa nje ya nyumba, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la saruji huunguza ngozi na kudhuru mapafu. Kisha hufumuliwa kwenye mshono, tabaka la nje lenye chapa ya kiwanda likawekwa kando kwa ajili ya jalada, na matabaka ya ndani yakapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na kukatwa kurasa. Karatasi hiyo ikifinyangwa mkononi mara kadhaa na kunyooshwa, ukakamavu wake huondoka na ikawa laini mfano wa ngozi iliyosuguliwa, yenye mishipa myembamba inayopokea wino vizuri.

Karatasi ya gazeti ina tabia iliyo kinyume kabisa. Hiyo hutokana na mbao zilizosagwa kwa mashine bila kuondolewa lignini, na lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka rangi na kuzalisha asidi inayoifanya karatasi iwe ya manjano, ikakauka na kukatika. Kipande cha gazeti kikibandikwa ukurasani bila kinga huenda kikaacha kivuli cha kahawia hata kwenye ukurasa wa mkabala. Fundi makini hutoa nakala ya kipande hicho kwenye karatasi bora, akaibandika nakala, na kuitia karatasi ya asili ndani ya bahasha iliyoshonwa ukurasani. Risiti za mashine za kielektroniki za kodi, ambazo Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2010, zina udhaifu mkubwa zaidi: maandishi yake hayatokani na wino bali na joto linalochoma tabaka maalumu la karatasi, na kwa sababu hiyo hufifia hadi kutoweka, hasa yakikaa kwenye joto au yakiguswa na gundi au mafuta. Maelfu ya siku za watu sokoni na dukani zimechapwa kwenye karatasi ambayo baada ya miaka michache itakuwa nyeupe tupu, na asiyenakili mapema hatakuwa na cha kunakili.

Jalada gumu hupatikana kwenye katoni. Mjini Buenos Aires, baada ya Argentina kuanguka kiuchumi mwaka 2001, maelfu ya watu waliokosa ajira walianza kuokota katoni usiku ili kuziuza kwa kilo, na mwaka 2003 kundi la waandishi na wasanii lilianzisha kiwanda kidogo cha vitabu kinachoitwa Eloísa Cartonera, kilichonunua katoni hizo kwa bei ya juu kuliko ya wachuuzi wa taka na kuzifanya majalada yaliyochorwa moja moja kwa mkono. Mfano huo ulienea katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Una uzuri wake kwa sababu mwokotaji alilipwa, tena alilipwa zaidi ya bei ya jalala. Msanii wa Dar es Salaam au Mombasa anayenunua makorokoro kwa waokota taka angefaa kuzingatia jambo hilo kabla ya kupanga bei ya kazi yake katika jumba la maonyesho.

Katika vitambaa, hakuna kilicho na habari nyingi kuliko kanga iliyochakaa, ambayo pwani ya Kenya huitwa leso. Kanga ina pindo, ambayo ni mpaka unaoizunguka, ina mji, ambao ni uwanja wa katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa karibu na ukingo wa chini. Iliyotumika kwa miaka huwa imepauka kwa kufuata mwili wa aliyeivaa: rangi huwa imekwisha pale ilipokuwa ikifungwa kiunoni au kubebea mtoto, na hubaki kali kwenye mikunjo isiyoona jua. Wengi huikata kwa kufuata urembo wa maua, mkasi ukapita katikati ya jina na kuacha silabi mbili tatu zisizo na maana, na huo ni upotevu. Inafaa zaidi kuukata utepe mzima wenye jina, kuukunja mara kadhaa na kuushona upande mmoja tu kwenye ukurasa, ili msomaji auvute na kuukunjua mwenyewe. Na kipande kilichopauka kiwekwe pembeni yake bila kupakwa rangi.

Vocha ya simu ya kukwangua nayo inastahili ukurasa. Ni kikadi chepesi chenye ukanda wa kijivu unaoficha tarakimu, na kila aliyekwangua aliacha alama yake, wengine kwa sarafu kwa mistari iliyonyooka, wengine kwa ukucha kwa pupa hadi tarakimu moja ikafutika. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na nyingine za aina hiyo kuenea katika ukanda mzima, watu wamezoea kununua muda wa maongezi moja kwa moja kwenye simu, na vocha zilizokuwa zikifunika ardhi ya kila stendi zimeadimika kiasi kwamba mtoto anayezaliwa leo huenda asiijue kazi ya ukanda huo wa kijivu. Tiketi za basi zilizoandikwa kwa mkono, pamoja na kaboni yake, zinaelekea njia hiyohiyo.

Gundi bora ya kazi hii ni ile inayopikwa jikoni. Kijiko kimoja cha unga wa ngano, au wanga wa muhogo, hukorogwa katika vijiko vitano vya maji baridi hadi madonge yaishe, kisha huchemshwa kwa moto mdogo huku kikikorogwa bila kukoma hadi uji uwe mzito na kuanza kung'aa, ukachujwa kwa kitambaa na kuachwa upoe. Wataalamu wa kuhifadhi nyaraka huipendelea gundi ya wanga kwa sababu inatenguka, yaani kilichobandikwa kinaweza kubanduliwa kwa maji bila kuchanika, ilhali gundi nyeupe ya mbao ikishakauka haitoki. Kasoro ya wanga ni kwamba huwavuta mende na kuota ukungu, hasa katika unyevu wa pwani, na mafundi wa zamani wa kujalidi vitabu walizoea kuidondoshea matone ya mafuta ya karafuu ili isioze upesi, dawa ambayo hupatikana kwa urahisi Unguja na Pemba. Selotepu haifai kabisa, kwani gundi yake hugeuka manjano, hupenya karatasi na baadaye kuachia, ikaacha doa lisilofutika. Vitu vizito, kama ufunguo, kifungo au kizibo kilichosagwa na magari barabarani hadi kikawa bapa, havibandikwi. Hushonwa kwa uzi unaopita kwenye matundu mawili, na vya chuma hupakwa kwanza nta ya mshumaa ili kutu isihamie kwenye karatasi.

Ushonaji wenyewe hauhitaji mashine. Karatasi nne hukunjwa pamoja katikati zikawa kurasa 16, na fungu hilo huitwa mkunjo. Mikunjo sita au saba hutosha kitabu kimoja. Matundu hutobolewa kwenye mstari wa mkunjo kwa msharasi, chombo cha fundi viatu, na uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta huingia na kutoka kwenye matundu hayo, ukikamata mkunjo mmoja kwa uliotangulia kwa kitanzi kinachofanana na mnyororo. Mtindo huo hufahamika kama mshono wa Kikopti, nao humwezesha msomaji kukifungua kitabu hadi kulala kabisa mezani. Kosa linaloharibu madaftari mengi hutokea hapa: fundi hushona kitabu kana kwamba kurasa zitabaki tupu, na baada ya miezi michache vitu vilivyobandikwa hulinenepesha daftari upande mmoja, mgongo ukapasuka. Dawa yake ni kushona, pamoja na kila mkunjo, vipande vyembamba vya katoni vyenye upana wa kidole kimoja, ili mgongo uwe mnene tangu mwanzo na kurasa zipate nafasi ya kujaa.

Katika kupanga ukurasa, shauku ya wanaoanza ni kuficha. Hupaka rangi nyeupe juu ya kila kitu, hunyoosha kilichopinda, hukata kingo zilizochanika, hadi kitu kilichookotwa kinafanana na kilichonunuliwa. Tabia hiyo inaondoa sababu ya kuokota. Doa la chai, tundu la pini, hesabu iliyopigwa haraka nyuma ya bahasha na jina la mtu lililofutwa ndivyo vinavyoonyesha kwamba kitu kilipita mikononi mwa watu, na kazi ya rangi na maandishi ni kuvielekezea macho, wala si kuvizidi nguvu. Ukurasa wenye kitu kimoja kilichowekwa mahali pake, kikizungukwa na nafasi, mara nyingi husema zaidi ya ukurasa uliofurika vitu 20.

Vipo vitu ambavyo havipaswi kuingia daftarini hata vikipendeza. Sindano, bandeji na chupa za dawa ni taka za hospitali na ni hatari. Betri kuukuu huvuja kemikali. Magamba ya kasa na pembe za wanyamapori zinalindwa na sheria katika Kenya na Tanzania. Jambo linalosahaulika zaidi ni vigae vya vyungu na kauri vinavyoonekana vimetapakaa juu ya ardhi katika magofu kama ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gede. Hivyo havijatupwa kwa maana ya daftari hili, kwa sababu mwanaakiolojia hukisoma kigae kwa kutazama mahali kilipolala na vilivyo jirani yake, na kikishaondolewa hapo hakuna anayeweza tena kukisoma. Anayekichukua ili akitunze kitabuni anakiharibu kwa kitendo hichohicho. Karatasi zilizookotwa nazo hubeba siri za watu: cheti cha hospitali, namba ya kitambulisho, barua ya deni. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, heshima inataka jina la mtu lifunikwe kwa kipande cha karatasi au mshono kabla daftari halijaonyeshwa kwa yeyote.

Kurasa za mwisho huachwa kwa ajili ya rejista, na hii ndiyo sehemu ambayo madaftari mengi mazuri yameikosa. Kila kitu hupewa namba ndogo ukurasani kwa kalamu ya risasi, na kwenye rejista huandikwa namba hiyo, kitu chenyewe, mahali kilipookotwa, tarehe, na aliyekitoa ikiwa kilitolewa na mtu kwa ridhaa yake. Mstari mmoja hutosha, kwa mfano kwamba lebo ya kiberiti iliokotwa nje ya kituo cha mabasi fulani wakati wa masika, ikiwa imelowa. Kisichojulikana kilikotoka huandikwa kwamba hakijulikani, bila kukisiwa. Kalamu ya risasi inafaa kuliko kalamu nyingi za wino, kwani risasi haifumuki kwa maji wala kufifia kwa mwanga, na daftari lililokamilika hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kufungwa ndani ya kitambaa cha pamba na kuwekwa juu ya rafu, mbali na sakafu, mahali ambapo mchwa hawafiki na hewa inapita.